Saa ya Heshima Haina Haja ya Kung'aa

Mwezi wa Desemba unapokaribia katika wilaya za Tarime na Serengeti, mkoani Mara, shughuli huongezeka mpaka mtu hujiuliza aanze na ipi. Wafanyakazi walio Mwanza, Arusha na Dar es Salaam hurudi makwao kwa likizo. Vijana hufunga ndoa, watoto hupata kipaimara, na wahitimu hufanyiwa karamu. Kila shughuli ina kadi yake, na kila kadi imeandikwa saa. Basi mwalikwa hupiga pasi suti yake, hung'arisha viatu, kisha hutazama mkono wake wa kushoto na kuona kwamba hauna kitu.

Hapo ndipo makosa huanza. Mtu hukimbilia mjini siku moja kabla ya shughuli, hununua saa ya kwanza inayomeremeta machoni pake, na kurudi nyumbani akiamini kwamba amenunua heshima. Nayajua makosa hayo kwa sababu niliyafanya mimi mwenyewe.

Miaka michache iliyopita mdogo wangu alifunga ndoa mjini Mugumu. Bibi harusi alitoka upande wa Tarime, ng'ambo ya Mto Mara, na kamati ilinikabidhi kazi ya kuongoza msafara wa kuwapokea wakwe. Nilipaswa kuwa njiani saa tatu na nusu asubuhi ili ibada ianze saa nne. Kwa kuwa kazi ilikuwa kubwa, niliona nastahili saa kubwa. Nilinunua kwa mchuuzi mmoja saa ya rangi ya dhahabu, nene kama kifuniko cha chupa, yenye jina maarufu la Ulaya usoni. Bei yake ilinipunguzia mchango wangu wa harusi, lakini nilijifariji kwamba picha zitapendeza.

Asubuhi ya harusi nilitazama saa yangu, nikaona bado ni saa tatu kasoro dakika kumi. Nikakaa, nikanywa chai. Kumbe betri iliyokuwamo ilikuwa chovu. Usiku saa ilisimama kwa muda, kisha ikaendelea na safari kana kwamba hapakutokea jambo. Utauliza, simu ya mkononi ilikuwa wapi? Ilikuwa mfukoni, imekwisha chaji baada ya usiku mzima wa kupiga na kupigiwa. Tulipofika, wakwe walikuwa wamesimama juani karibu saa nzima, wazee kwa akina mama. Mjomba wa bibi harusi alinitazama, akauliza kwa upole ulioniuma kuliko matusi: "Kama hamkuweza kumpokea binti yetu kwa wakati, mtawezaje kumtunza kwa wakati?"

Ilimbidi baba yangu aombe radhi mbele ya watu kwa kosa ambalo hakulifanya. Nilipoinua mkono kujifuta jasho, nikaona ukingo wa shati langu jeupe umeingia alama ya kijani. Jioni, wakwe wakiwa wamekwisha kutusamehe, baba aliniita kando. Alikuwa amevaa saa yake ndogo ya kutia ufunguo, aliyoinunua kabla sijazaliwa alipokuwa karani wa mizani katika chama cha ushirika cha pamba. Akaniambia: "Mura, saa ni kama shahidi. Akisema uongo mara moja, hata kesho akisema kweli hutamwamini."

Maneno hayo ndiyo yaliyonifanya nichunguze jambo hili kwa makini, na ndiyo kiini cha makala hii. Saa ya heshima si ile inayong'aa kupita nyingine. Ni ile inayosema kweli: kweli ya wakati, na kweli ya kitu ilichotengenezwa nacho. Saa ya namna hiyo haimshindi mfanyakazi wa kawaida, mradi ajue anachokitafuta.

DHAHABU ISIYO DHAHABU

Ni ajabu kwamba sisi watu wa Mara tudanganywe kwa rangi ya dhahabu. Nyamongo, wilayani Tarime, kuna mgodi wa North Mara ulioanza uzalishaji mwaka 2002, na hata kabla yake wachimbaji wadogo walikuwa wakiijua dhahabu kwa kuipima kiganjani. Kipande cha dhahabu huwa kizito zaidi ya mara mbili ya kipande cha shaba chenye ukubwa uleule. Isitoshe, dhahabu safi haibadiliki rangi kwa jasho. Alama ya kijani mkononi au kwenye shati ni ushahidi wa shaba iliyomo ndani ya madini yaliyopakwa rangi juu.

Kwa hiyo, msomaji, saa ya bei nafuu inayodai kuwa ya dhahabu imeanza urafiki wenu kwa uongo. Afadhali saa ya chuma kisichoshika kutu, yenye rangi ya fedha, isiyodai kuwa kitu kingine. Haitachubuka ikaonyesha rangi ya pili, na itavaliwa na suti nyeusi, ya buluu au ya kijivu, na hata na kitenge au shati la mikono mifupi.

ILIKUWAJE SAA NZURI IKAWA RAHISI?

Zamani saa ya mkono haikuwa pambo la wanaume. Wanaume wengi wa Ulaya walibeba saa za mfukoni zenye mnyororo, na saa ya mkono ilihesabiwa kuwa ya wanawake. Vita Kuu ya Kwanza ya 1914 hadi 1918 iligeuza fikra hizo, kwa kuwa askari hakuweza kupekua mifuko yake kila alipotaka kujua wakati. Baada ya vita, mtindo huo ulienea ulimwenguni kote.

Saa hizo zilikwenda kwa nguvu ya kamani iliyojazwa kwa mkono, kama ile ya baba yangu. Ni mashine za kupendeza, lakini hutaka kutiwa ufunguo kila siku na kusafishwa na fundi kila baada ya miaka michache, nazo huweza kupoteza sekunde nyingi kwa siku moja.

Tarehe 25 Desemba 1969, kampuni ya Seiko ya Japani iliuza kwa mara ya kwanza saa ya mkono inayoongozwa na kijiwe cha kwatsi na kuendeshwa kwa betri. Bei yake ilikuwa yeni 450,000, yaani karibu bei ya gari dogo la siku hizo. Kwatsi ikipitishiwa umeme hutetemeka kwa kipimo kisichobadilika. Katika saa nyingi za leo hutetemeka mara 32,768 kwa sekunde, na mtambo huhesabu mitetemo hiyo na kusogeza mshale. Miaka haikuwa mingi, bei ya mitambo hiyo ikaanguka kabisa. Leo saa ya kawaida ya betri hukosea kiasi cha sekunde 20 tu kwa mwezi mzima.

Maana yake ni nini kwa mfanyakazi? Ni kwamba usahihi, ambao wakati fulani ulinunuliwa kwa bei ya gari, sasa umo ndani ya saa za bei ya chini kabisa. Ukiombwa fedha nyingi, mara nyingi unalipia jina, pambo, au uongo. Chunguza ni kipi kati ya vitatu hivyo.

UTAITAMBUAJE SAA YA HESHIMA?

Jambo la kwanza ni uso wake. Uwe na rangi moja iliyotulia: nyeupe, nyeusi, ya maziwa au ya buluu nzito. Uwe na mishale miwili au mitatu inayoonekana wazi, na alama katika nafasi zote 12. Kidirisha kidogo cha tarehe si kosa. Ikataeni saa yenye visahani vitatu usoni, vifungo vingi pembeni, na vijiwe vya kumetameta. Aghalabu visahani vya saa rahisi ni picha tu iliyochorwa, wala havipimi kitu chochote.

Mtu asidhani kwamba uso mtupu ni ishara ya umaskini. Mwaka 1932 kampuni ya Patek Philippe ya Geneva, ambayo saa zake ni za matajiri, ilitoa saa iitwayo Calatrava: duara jembamba, uso mtupu, mishale na alama basi. Hadi leo hiyo ndiyo sura inayoigwa na watengenezaji wa saa za hafla duniani, wa bei ya juu na wa bei ya chini. Utulivu hauuzwi kwa bei tofauti.

Jambo la pili ni ukubwa. Chukua rula. Kwa mwanamume, upana wa sentimita 3.5 hadi 4 unatosha; kwa mwanamke, sentimita 2.5 hadi 3. Unene usizidi sentimita moja. Kipimo kilicho bora ni kuvaa shati la mikono mirefu unapokwenda kununua: funga kifungo cha mkono, kisha uone kama saa inapita chini yake bila kukwama. Saa isiyopita itabaki nje ya shati siku nzima, ikigonga meza na kukwaruza watu unaosalimiana nao.

Jambo la tatu ni maandishi ya mgongoni. Geuza saa. Ikiwa imeandikwa kwa Kiingereza "All Stainless Steel", mwili mzima ni wa chuma kisichoshika kutu. Ikiwa imeandikwa "Stainless Steel Back", mwenye saa amekuambia ukweli nusu: mgongo ndio wa chuma hicho, na sehemu nyingine huenda ni madini laini yaliyopakwa rangi. Saa ya namna hii si mbaya kwa kuvaliwa mara moja moja, lakini ilipiwe kwa kadiri hiyo. Maneno "Japan Movt" yanayowekwa chini ya uso yana maana kwamba mtambo wa ndani ni wa Kijapani. Hayana maana kwamba saa yote imetoka Japani.

Jambo la nne ni maji. Wengi husoma "Water Resistant 30 m" au "3 BAR" na kufikiri kwamba wanaweza kuzama nayo mita 30. La hasha. Maandishi hayo huahidi usalama wakati wa kunawa mikono au kunyeshewa na mvua ndogo. Vua saa yako kabla ya kuoga, kufua, au kuingia mtoni.

Jambo la tano ni mkanda. Kwa shughuli rasmi mkanda wa ngozi, mweusi au wa kahawia, unapendeza zaidi, nao ufanane na rangi ya viatu na mshipi. Tatizo la ngozi ni jasho. Anayefanya kazi juani, au anayesafiri katika vumbi la barabara za vijijini, afadhali anunue saa yenye mkanda wa chuma, na mkanda wa ngozi auweke kabatini kwa siku ya shughuli. Pima nafasi ya mkanda katikati ya pembe za saa. Milimita 18 na 20 ni vipimo vya kawaida ambavyo mikanda yake haisumbui kupatikana.

BEI IWE KIASI GANI?

Nimefikiria kipimo ambacho familia inaweza kukitumia bila ugomvi: mshahara wa siku tatu za kazi. Kima cha chini cha mshahara serikalini, tangu Julai 2025, ni shilingi 500,000 kwa mwezi. Ukigawa kwa siku 22 za kazi unapata kama shilingi 22,700 kwa siku, yaani kama shilingi 68,000 kwa siku tatu. Mwenye kipato tofauti apige hesabu yake mwenyewe. Kipimo hiki kina faida moja kubwa: mume na mke wanaweza kukubaliana juu yake kabla mmoja wao hajasimama mbele ya kabati la vioo. Fedha ya ada na ya dawa isiguswe kwa ajili ya saa. Kama siku tatu hazitoshi, subiri mwezi mwingine. Harusi zipo kila mwaka.

Ndani ya kiasi hicho, tafuteni saa nyepesi ya kampuni inayojulikana kwa saa za bei ya chini, au saa isiyo na jina kubwa lakini yenye mwili mzuri. Hakuna aibu kuvaa jina dogo lililo la kweli. Aibu ni kuvaa jina kubwa la uongo, maana anayelijua atacheka, na asiyelijua hatalijali.

Dalili za saa bandia hazijifichi sana. Herufi za jina huwa zimepinda au hazina nafasi sawa. Mshale wa sekunde hutetemeka au hukosa alama zake. Kitufe cha kurekebishia majira hulegea. Na jina ambalo mahali pengine huuzwa kwa mamilioni hapa linauzwa kwa elfu kadhaa. Nunua katika duka lenye anwani, litakaloandika risiti ya kielektroniki na kukubali kuibadilisha saa ikiharibika. Jukumu la kupambana na bidhaa bandia nchini liko kwa Tume ya Ushindani (FCC), chini ya Sheria ya Alama za Bidhaa ya mwaka 1963, lakini mlalamikaji asiye na risiti huanza kesi yake akiwa mguu mmoja.

BETRI NA WATOTO

Usitoke dukani kabla hujauliza betri. Saa nyingi ndogo hutumia betri iitwayo SR626SW, ambayo pia huandikwa 377, nayo huweza kudumu miaka miwili au mitatu. Kuna nyingine inayolingana nayo kwa umbo, iitwayo LR626 au AG4, ambayo ni rahisi zaidi lakini huisha mapema na huweza kuvuja ndani ya mtambo. Mwambie fundi saa akuonyeshe anachokiweka. Kama saa imekaa dukani muda mrefu, badilisha betri wiki moja kabla ya shughuli, si siku ya shughuli. Laiti mtu angaliniambia neno hilo!

Akina mama na akina baba, nawasihi pia jambo hili. Betri hizi ndogo zinafanana na peremende machoni pa mtoto, nazo zikikwama kooni huunguza nyama kwa muda mfupi. Betri iliyokwisha isiachwe mezani. Mtoto akiimeza, msingoje dalili: mkimbizeni hospitali mara moja.

Adui mwingine wa saa ya betri ni sumaku. Spika kubwa za muziki wa harusi zina sumaku yenye nguvu. Saa ikiwekwa juu yake huweza kusimama au kuchelewa mpaka iondolewe. Usiiweke pia juu ya redio usiku.

SAA NA ADABU

Wengine husema kwamba simu imeua saa ya mkono. Sikubaliani nao. Mtu anayetoa simu kanisani, msibani, au mbele ya wazee wanaojadili mahari, huonekana anasoma ujumbe hata kama anatazama saa tu. Saa ya mkono hutazamwa kwa pembe ya jicho, bila kumvunjia mtu heshima. Hata hivyo, usiitazame wakati mzee anazungumza nawe. Hiyo ni kumwambia amalize.

Tena, saa yenye mishale ni mwalimu wa nyumbani. Sisi hatuhesabu kuanzia usiku wa manane kama Wazungu. Tunahesabu kuanzia mapambazuko, kwa kuwa katika nchi yetu, karibu na mstari wa ikweta, jua huchomoza karibu wakati uleule mwaka mzima. Ndiyo maana mshale mfupi ukielekea 10 tunasema saa nne, na ukielekea 8 tunasema saa mbili: tunasoma nambari inayotazamana nayo upande wa pili. Mtoto aliyefundishwa hivyo mapema hatachanganyikiwa baadaye na ratiba ya mtihani wala tiketi ya basi. Simu haimfundishi hilo, kwa sababu haina upande wa pili.

Mwisho, ndugu msomaji, nimalizie habari ya saa yangu ya dhahabu. Niliivua usiku uleule wa harusi, na sikuivaa tena. Mwezi uliofuata nilinunua saa ya chuma, nyembamba, uso mweupe, mkanda mweusi, kwa bei ya chini kuliko ile ya kwanza. Mwaka jana mdogo wangu na mkewe walimbatiza mtoto wao wa kwanza, nami nikapewa tena kazi ya kuwapokea wakwe. Walipowasili nilikuwa nimekwisha kusimama njiani kwa robo saa. Yule mjomba alishuka garini, akautazama mkono wangu, kisha akatazama wa kwake.

"Zinalingana," akasema, akanishika mkono.

Hakuuliza ilinunuliwa bei gani.